Binti anayezimia akikimbia, na kaka aliyezama ziwani: rufaa iandikwe lini, na iandikwe vipi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kilichopo mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza. Nina mgonjwa, binti wa miaka 13, ambaye amezimia mara tatu: mara mbili akiwa kwenye mchakamchaka shuleni, na mara moja akiogelea na wenzake. Amekuwa akimeza fenobabitoni kama mgonjwa wa kifafa, lakini ameanguka tena. Kaka yake, mvuvi aliyejua kuogelea vizuri, alizama mwaka juzi mchana kweupe, ziwa likiwa shwari. Kipimo cha umeme wa moyo alichofanyiwa huyu binti kilirudi kimeandikwa kwamba hakuna tatizo. Nahofia kuna ugonjwa wa kurithi wa mapigo ya moyo, ila sina uhakika, na wazazi wanauliza kwa nini wauze mbuzi ili wampeleke mjini mtoto ambaye leo ni mzima. Je, nimpe rufaa? Nimpeleke kwa nani, na niandike nini?

JIBU: Marahaba, ndugu tabibu. Mpe rufaa, na iwe wiki hii, wala usisubiri kuwa na uhakika. Uhakika wa magonjwa haya hupatikana mbele ya safari, kwa vipimo ambavyo kituo cha afya hakina na hakitarajiwi kuwa navyo. Kinachotakiwa kwako ni shaka yenye msingi, na wewe unayo tayari. Kuzimia katikati ya mbio, kuzimia ndani ya maji, dawa ya kifafa kushindwa kumsaidia, na ndugu wa tumbo moja kufa ghafla akiwa kijana ni mambo manne ambayo hata mojawapo tu lingetosha kumfikisha mtoto kwa daktari wa moyo. Yalipokutana yote kwa mtoto mmoja, suala la kumpa au kutompa rufaa limekwisha, na kilichobaki ni namna ya kuiandika rufaa hiyo ili isipotee njiani.

Nieleze kwanza tunachokihofia, kwa sababu ndicho utakachowaeleza wazazi. Baada ya kila pigo, chembe za misuli ya moyo hutoa potasiamu kupitia vijinjia maalumu ili zirudi katika hali ya kuweza kupokea pigo linalofuata. Katika ugonjwa wa QT ndefu (QT ni kipande cha kipimo cha umeme wa moyo kinachoonyesha muda wa pigo pamoja na urejeo huo), mara nyingi vijinjia hivyo ndivyo vyenye hitilafu ya kuzaliwa nayo, na urejeo huchelewa. Pigo likidondoka kabla ya wakati, ndani ya kipindi hicho cha kuchelewa, chemba za chini za moyo zinaweza kuingia katika mapigo ya kasi yanayojisokota, ambayo hayasukumi damu. Ubongo ukikosa damu kwa sekunde kumi hivi, mtu huanguka. Mara nyingi mapigo hayo hujizima yenyewe na mtu huamka. Yasipojizima, hugeuka kuwa mtetemo usio na pigo lolote, na hicho ndicho kifo cha ghafla. Kwa hiyo tukio ambalo wazazi wanaliona limekwisha kwa sababu mtoto aliamka, na tukio ambalo huenda lilimchukua kaka yake, yanaweza kuwa jambo moja lenye miisho miwili. Hilo walisikie kutoka kwako, kwa upole lakini bila kufichwa.

Ugonjwa huu unakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 2,000, na mazingira ya kuanguka husaidia kukisia aina yake. Walio na hitilafu katika jeni ya KCNQ1 huanguka wakitumia nguvu, na kuogelea ni kichocheo chao mashuhuri kabisa. Wenye hitilafu ya KCNH2 huanguka wakishtuliwa na sauti ya ghafla, kama kengele au mlio wa simu usiku, na wanawake wa kundi hili huwa katika hatari kubwa zaidi miezi michache baada ya kujifungua. Wenye hitilafu ya SCN5A hupatwa zaidi wakiwa wamepumzika au usingizini. Upo pia ugonjwa mwingine, ambao mara nyingi hutokana na jeni ya RYR2, unaowaangusha watoto wakikimbia au wakipandwa na hisia kali huku kipimo cha umeme wa moyo wakiwa wametulia kikiwa safi kabisa. Kwa maelezo yako, mgonjwa wako anaweza kuwa na QT ndefu ya aina ya kwanza au huo wa mwisho. Sina sababu ya kuchagua kati ya hayo mawili kwa sasa, na wewe pia huna.

Kuhusu kifafa, nakuomba urudi kwa walioshuhudia. Mtu akikosa damu kichwani anaweza kukakamaa na kurusha mikono kwa sekunde chache, na hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa kuwa tunaletewa neno "alitupwa na kifafa" badala ya kuletewa tukio lenyewe. Uliza mambo haya kwa utaratibu: alianguka kwanza ndipo akarusha mikono, au alianza kukakamaa angali amesimama? Uso ulikuwaje, ulipauka? Baada ya kuamka alimtambua mwalimu wake mara moja, au alikaa nusu saa akiwa amechanganyikiwa na mwenye usingizi mzito? Alijing'ata ulimi ubavuni? Anayeanguka ghafla bila dalili, akapauka, akaamka ndani ya dakika moja au mbili na akawajua watu, huyo moyo wake uchunguzwe kabla ya kuitwa mgonjwa wa kifafa. Mtoto anayezimia akiwa amesimama muda mrefu paredini kwenye jua, akatanguliwa na kichefuchefu na macho kuingia giza, ni habari tofauti na kwa kawaida haina hatari hiyo. Fenobabitoni usiikatize ghafla. Iache iendelee mpaka daktari bingwa aamue, kwa sababu ikiwa kweli ana kifafa, kuikatiza kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Sasa nije kwenye karatasi iliyoandikwa "hakuna tatizo". Nani aliisoma? Mashine nyingi huchapisha tafsiri yao wenyewe juu ya karatasi, na katika kupima QT mashine hukosea, hasa pale mwisho wa wimbi la T (kile kilima cha urejeo kinachofuata kila pigo) usipokuwa wazi. Iombe karatasi yenyewe, uipime kwa rula. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kila kimraba kidogo ni milisekunde 40 na kila mraba mkubwa ni milisekunde 200. Tumia mstari wa II au wa V5, uanzie pale mchoro wa QRS, yaani ule wenye ncha kali wa kila pigo, unapoanza hadi pale wimbi la T linaporudi kwenye mstari wa chini. Chukua mfano: QT imekula vimraba vidogo 11, yaani milisekunde 440, na kutoka pigo hadi pigo kuna miraba mikubwa 4, yaani sekunde 0.8. Kanuni ya Bazett, ya tangu mwaka 1920, inataka QT igawanywe kwa kipeuo cha pili cha muda huo kati ya pigo na pigo. Kipeuo cha pili cha 0.8 ni takriban 0.89, na jibu linakuwa kama 492. Mtu aliyetazama ile 440 peke yake angeona hakuna shida, kumbe baada ya kusahihishwa imevuka 480, kiwango ambacho kikijirudia katika vipimo zaidi ya kimoja humtia mtu katika ugonjwa huu hata asipokuwa na historia yoyote, ilimradi hakuna dawa wala upungufu wa madini uliosababisha. Ikifika 500 hatari ni kubwa, na aliyezimia akiwa na kipimo hicho hapangiwi tarehe ya kliniki, bali hulazwa siku hiyohiyo. Kwa haraka, moyo ukiwa unapiga kati ya 60 na 100 kwa dakika, QT inayozidi nusu ya umbali kati ya pigo na pigo ni ya kutilia shaka.

Hata kama hesabu yako itatoka ndani ya kawaida, rufaa haifutwi. Takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye jeni ya QT ndefu huwa na kipimo cha kawaida siku anayopimwa, na ule ugonjwa wa RYR2 hauonekani kabisa mgonjwa akiwa amelala kitandani. Huonekana akipimwa huku anakimbia kwenye mkanda, mbele ya daktari na mashine ya kushtua moyo. Nasisitiza sehemu hiyo ya mwisho kwa sababu najua kishawishi kilivyo: tafadhali usimkimbize mtoto huyu kwenye uwanja wa kituo ili uone kama atazimia.

Kabla hajasafiri, mlinde kwa yale yaliyo mikononi mwako. Asiogelee kabisa, wala asioge ziwani akiwa peke yake, asikimbie mchakamchaka wala mashindano, na mwalimu mkuu apewe maelezo kwa maandishi, kwa sababu mtoto wa miaka 13 hawezi kubishana na mwalimu wa zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nyumbani na shuleni wafundishwe kubonyeza kifua: katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mtoto akianguka na asiamke wala kupumua kawaida. Akiharisha au kutapika sana arudishiwe maji na madini mapema, maana potasiamu ikishuka QT hurefuka zaidi.

Dawa ni eneo ambalo kituo cha afya kinaweza kumdhuru bila kujua. Kwinini, erithromaisini, azithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli, haloperidoli, amitriptilini na ondansetroni zote hurefusha QT, na kadhalika bedakwilini inayotumika kwa kifua kikuu sugu. Andika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari lake la kliniki kwamba ana shaka ya QT ndefu na dawa mpya iulizwe kwanza. Suala la malaria lisisubiri mpaka augue. Dawa mseto ya ALu hurefusha QT kidogo, na maelekezo yake yanataka aliye na QT ndefu ya kuzaliwa nayo aepushwe nayo. Kwa upande mwingine, kuacha malaria bila tiba ni hatari kubwa na ya uhakika. Muulize daktari bingwa mapema atakachotumia mtoto huyu akipimwa na kukutwa na vimelea, na jibu liandikwe kwenye daftari hilohilo. Kwa malaria kali, atesunati ya sindano ndiyo dawa, na hapo usisite.

Kuhusu kumwanzishia propranololi, dawa ya kundi la vizuia-beta linalotuliza mapigo ya moyo, nashauri usifanye peke yako, lakini pia usisubiri afike Dar es Salaam. Piga picha karatasi ya kipimo, ficha jina, itume kwa daktari wa magonjwa ya ndani au wa watoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha mzungumze. Akikubaliana nawe, dawa huanza kwa kiwango kidogo na kupandishwa hadi kufikia miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa mara tatu, baada ya kuhakikisha mtoto hana pumu na mapigo yake si ya chini mno. Ameze baada ya kula, kwa kuwa kwa watoto walioshinda na njaa dawa hii hushusha sukari. Asiruke dozi, asiache ghafla, na asibadilishiwe atenololi kwa sababu tu ndiyo iliyopo dirishani siku hiyo. Kwa ugonjwa huu dawa za kundi hilo hazilingani, na propranololi na nadololi ndizo zenye rekodi nzuri.

Barua ya rufaa ndiyo sehemu ninayotaka uitumie muda mwingi, kwa kuwa daktari bingwa atakayempokea ana mashine zote isipokuwa wewe ulichonacho: mashahidi na ukoo. Barua nyingi huja na mstari mmoja, "anazimia, tunaomba uchunguzi zaidi," na daktari aliye mbali analazimika kumhoji mjomba aliyemsindikiza, ambaye hakuwepo hata tukio moja. Andika kila tukio peke yake: tarehe, alikuwa akifanya nini dakika ileile, alikuwa ameanza kukimbia au yuko katikati, alikaa chini muda gani, alikuwaje alipoamka, na nani alishuhudia, pamoja na namba ya simu ya shahidi huyo kwa ridhaa yake. Orodhesha kila dawa aliyoimeza ndani ya wiki mbili kabla ya kila tukio, zikiwemo za duka la dawa na za miti shamba. Ambatanisha karatasi ya kipimo pamoja na nakala yake, kwa sababu karatasi hizi hufifia kwa jua na joto, na safari ya boti kutoka vijiji vya kusini hadi Kigoma mjini inatosha kuiharibu.

Kisha chora ukoo wa vizazi vitatu. Usimuulize baba "kuna ugonjwa wa moyo kwenu?", maana atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli kwa anavyojua. Kaa na bibi au shangazi, uulize majina: nani alizama na alikuwa akijua kuogelea; nani alikutwa amekufa kitandani akiwa kijana; mtoto gani alifariki ghafla bila kuumwa; nani alianguka shambani au mpirani na hakuinuka; mama yupi alifariki wiki chache baada ya kujifungua bila homa wala kutoka damu; nani alipata ajali ya pikipiki peke yake kwenye barabara iliyonyooka; nani ana kifafa kisichosikia dawa; nani alizaliwa kiziwi. Hilo la uziwi si la kupuuza: tangu mwaka 1957 unajulikana ugonjwa wa watoto waliozaliwa viziwi wakiwa na QT ndefu sana, wanaorithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Kila kifo cha ghafla kabla ya miaka 40 kiandikwe pamoja na umri na mazingira. Nimeona katika mazungumzo ya namna hii familia ikikumbuka vifo vitatu ambavyo kila kimoja kilikuwa kimepewa sababu yake, na mara nyingine sababu hiyo ilikuwa ni mtu, jirani au mke mwenza aliyedaiwa kuroga. Sikiliza bila kubeza, andika tukio, na sababu ya watu iache ilipo. Wakishapata maelezo ya kitabibu, baadhi ya lawama hizo hulegea zenyewe.

Kwa upande wa njia, mwanzo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, ambako arudiwe kipimo cha umeme wa moyo, apimwe EKO, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kuangalia misuli na vali, na apimwe potasiamu. Misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi nayo huua vijana wakikimbia, na hiyo EKO huionyesha. Kutoka hapo, omba katika barua yako ya kwanza kabisa kwamba apelekwe kwa bingwa wa moyo, ama kupitia Hospitali ya Kanda Bugando, Mwanza, ama moja kwa moja Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, Dar es Salaam, kadiri Maweni watakavyoona. Timu za tiba mkoba za JKCI huenda mikoani, na zikitangazwa kuja Kigoma ni nafasi nzuri ya kuwapimisha ndugu wasio na dalili. Lakini huyu aliyekwisha kuzimia mara tatu asiwekwe akizisubiri. Gharama izungumzwe na afisa ustawi wa jamii kabla ya safari, wala si baada ya mgonjwa kukwama mapokezi, na kama wana kadi ya bima yoyote muulize mapema inafika hospitali ya ngazi gani. Huenda mbuzi asiuzwe, au auzwe mmoja badala ya watatu.

Wazazi wakiuliza bingwa atafanya nini, waambie kwamba wagonjwa wengi wa QT ndefu huishi kwa vidonge na masharti machache, na ni wachache wanaohitaji kupandikizwa kifuani kifaa cha kushtua moyo. Kipimo cha jeni kinaweza kutajwa. Ni kizuri kikipatikana, na hubaini hitilafu kwa takriban robo tatu ya wenye QT ndefu ya uhakika, lakini matibabu hayakisubiri, na kukosa fedha ya kipimo hicho si sababu ya kubaki nyumbani.

Jambo ambalo rufaa zetu husahau ni kwamba binti huyu si mgonjwa mmoja. QT ndefu ya kawaida hurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, na kila mtoto wa mzazi huyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuichukua. Baba, mama na wadogo zake wote wapimwe umeme wa moyo, hata wakiwa wazima wa afya, na kama mama anakaribia kujifungua au amejifungua karibuni awe wa kwanza. Kama kaka aliyezama aliacha mtoto, mtoto huyo naye aingie kwenye orodha, hata kama sasa analelewa Kasulu au Ujiji kwa upande wa mama yake.

Usiutafute ugonjwa mmoja tu katika wilaya yako. Akija mwanamume anayezimia au kukoroma kwa namna ya ajabu usingizini wakati ana homa, fikiria ugonjwa ulioelezwa na ndugu Pedro na Josep Brugada mwaka 1992, ambao homa huuamsha. Mshushie homa haraka, mpime umeme wa moyo homa ikiwa bado ipo, kwa kuwa mchoro wake katika V1 na V2 unaweza kutoweka homa ikishuka, na mpe rufaa vilevile.

Kwa leo anza na karatasi ile ya kipimo. Ipate, ipime, itume Maweni, na umpigie daktari wa zamu kabla familia haijapanda boti, ili watakapofika wamkute mtu anayejua wanakuja na kwa nini.